Nywele za Rustika

Jumatatu ile foleni ya tone ilifika hadi kwenye bomba la maji, na watu walikuwa wanacheka. Ndicho kicheko cha mwisho cha Mkindamo nilichokisikia bila kuogopa.

"Ndevu nilinyoa Pasaka," mzee mmoja alisema huku akijipapasa kidevu. "Tazameni. Laini kama shavu la mtoto. Wembe umeota kutu."

"Kinyozi naye amefunga kibanda, kahamia mjini," akadakia mwenzake. "Lindo limemlia riziki."

Wakacheka tena, wakasogea hatua moja, wakafungua midomo. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko.

Kwetu, kwa sheria, kila mtu hufungua mdomo Jumatatu asubuhi apewe tone. Nyuma ya mji kipo kilima chekundu cha kifusi, walichotuachia wachimbaji kabla bibi yangu hajazaliwa, na vumbi lake limo katika maji, katika mihogo na katika mifupa yetu. Zamani kila nyumba ilikuwa na uvimbe wake. Jina langu, Winfrida, ni la shangazi aliyekufa na uvimbe wa shingo wiki moja kabla sijabatizwa. Kisha likaja Lindo: walinzi wadogo kuliko vumbi lenyewe, waliotengenezwa maabara na kumezwa katika hilo tone, wanaokaa ndani ya kila seli ya mwili, kwenye lango ambalo seli hulipitia kabla haijagawanyika kuwa mbili. Seli yenye kasoro ikifika langoni, huizuia. Kwa miaka tisa hatukuzika mtu kwa uvimbe. Nilisoma biolojia kwa sababu ya tone hilo, na nilirudi nyumbani na shahada yangu nikiamini kwamba ukweli ni dawa kama nyingine: unampa mtu, anapona.

Foleni ilipokwisha walibaki wanawake wawili. Nilimjua Rustika, fundi cherehani, mjane wa Longinus Kapinga. Nyuma yake, akimsukuma kwa kidole mgongoni, alikuwa mama mkwe wake, Mama Kresensia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tone nimeshapata, nikapita kanisani nikarudi. Nimemleta huyu umpime." Akamvuta Rustika kitambaa cheusi kichwani bila kumwomba ruhusa. "Tazama mwenyewe."

Kichwa kiling'aa kama bakuli lililooshwa.

Hapa Mkindamo aliyefiwa na mtu wa karibu hunyolewa siku ya pili baada ya maziko, na msiba wa nyumba huisha nywele za wafiwa wote zikishika vidole, yaani siku mkubwa wa familia anapoweza kuzibana kati ya vidole viwili. Hadi siku hiyo mfiwa haendi sokoni, hafanyi kazi ya mikono yake, na halambi kitu kitamu. Longinus alikuwa amekufa miezi mitano iliyopita. Bati lilimchubua mguu, kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, na kidonda hicho kilikataa kufunga hadi kikamwondoa.

"Mimi niliyemzaa nilinyolewa siku hiyohiyo, kwa wembe uleule," alisema Mama Kresensia. Akafunua kichwa chake. Nywele nyeupe, nzito, zilichomoza kama pamba iliyopasuka. "Mwili haudanganyi. Aliyelia kwa moyo huota. Huyu kalia kwa macho."

"Mama, nimekusikia kila Jumapili," Rustika akasema.

"Na hii inayokuja utanisikia."

Nilimkalisha Rustika, nikatia ganzi, nikachukua kwa sindano nyembamba mashina machache ya nywele yaliyolala chini ya ngozi. Mama Kresensia naye akainamisha kichwa mbele yangu.

"Na langu. Msije mkasema mizani imependelea."

*

Shina la unywele ni mahali penye haraka kuliko karibu pote mwilini. Ukiliponda kwenye kipande cha kioo, ukalitia rangi ya zambarau, ukahesabu seli elfu moja kwa hadubini, unapaswa kukuta thelathini au zaidi zikiwa katikati ya kazi ya kugawanyika.

Nilianza na kioo cha Rustika. Seli mia. Mia tatu. Mia saba. Kila moja ilikuwa imevimba, kiini chake kimejaa, maagizo yake ya urithi yameshanakiliwa mara mbili. Kila moja ilikuwa tayari, na kila moja ilikuwa imesimama. Kati ya elfu moja hakuna hata moja iliyokuwa inagawanyika.

Mashine iliyo pembeni ya hadubini ikatoa sauti yake ya furaha, na kwenye fomu likajitokeza neno la kijani: SAFI.

Nililitazama neno hilo muda mrefu. Fomu yetu inauliza swali moja tu: ni seli ngapi zimegawanyika vibaya? Jibu lilikuwa sifuri, na sifuri ni safi. Hakuna aliyewahi kufikiri kuuliza kama zipo zilizogawanyika. Katika nyumba isiyo na mtu hakuna ugomvi.

Nikaweka kioo cha Mama Kresensia. Hapa seli moja ilikuwa imekunja nyuzi zake za kromosomu, nene na fupi, zikijikusanya. Katika jirani yake zilikuwa zimejipanga mstari katikati, kama watu wanaosubiri padre apite. Kwingine zilikuwa zimeshaachana, nusu huku, nusu kule, zikivutwa na kamba nyembamba zisizoonekana vizuri. Na seli moja ilikuwa imebana kiuno, imebakiza kidogo tu iwe mbili. Thelathini na nne kati ya elfu.

Nilifungua droo ya vioo vya zamani. Miezi minane ya vioo, kila kimoja kikiwa na neno la kijani na sahihi yangu chini yake. Nilivirudia kimoja kimoja. Miezi ya mwanzo zilikuwepo ishirini, kisha kumi na mbili, kisha tano. Tangu mwezi wa sita, hakuna kitu.

Niliwarudia wale wawili kwenye benchi la nje, nikamwita Mama Kresensia pembeni.

"Mama, tone unalimeza?"

Akatazama mlango wa ofisi ya daktari. "Unataka nifungwe?"

"Hapana, mama."

"Mnalitia kwenye asali." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeungama. "Mfiwa halambi asali. Naliweka chini ya ulimi, nikifika kwenye kona ya kanisa nalitema kwenye kitenge. Mwanangu hakufa ili mimi nilambe utamu."

"Na Rustika?"

"Huyo anameza! Anasema kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia mila haijui mimba."

Ndipo nilipomtazama Rustika tena, pale kwenye benchi, mikono yake ikiwa juu ya tumbo. Mimba ya miezi sita. Tumbo lilikuwa la miezi mitatu.

*

Daktari Gebhard Hyera aliangalia vioo vyote viwili. Yeye ndiye aliyelileta Lindo Mkindamo, yeye ndiye aliyenilipia ada ya mwaka wa mwisho.

"Funga mlango, binti."

"Ulijua, daktari?"

"Nilihisi. Mwezi wa sita kucha zangu zilikoma kukua. Nikajiambia ni uzee." Akavua miwani. "Lindo la kwanza lilianza kuchoka. Seli mbovu zilikuwa zinawapita walinzi, mbili tatu. Nikawabadilishia amri: mzuieni yeyote mwenye shaka, hata ndogo. Sikufikiri sawasawa. Mkindamo hakuna seli isiyo na shaka. Wote tumekula vumbi."

"Kwa hiyo zimezuiwa zote."

"Nywele kwanza, kwa kuwa zina haraka. Kisha vidonda. Halafu utumbo, ambao hubadilisha ngozi yake kila wiki. Mwisho damu."

"Longinus Kapinga alikufa kwa mchubuko wa bati."

"Cheti chake nilikiandika mimi. Niliandika pepopunda."

Nilisema tusitishe tone Jumatatu inayofuata. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mtu analijua. Aliniacha nimalize.

"Ukifungua lango, nani atatoka kwanza?" akauliza. "Miezi minane seli mbovu zimesimama pamoja na nzima. Hazijafa, Winfrida. Zinasubiri. Nimezika mabinti wawili kwa mikono hii, wa mwisho alikuwa na miaka sita, na lile lango sitalifungua kwa mikono hiyohiyo. Nipe hadi mwezi wa pili. Naunda amri nyingine, mlinzi atakayejua kuchagua."

"Rustika hana hadi mwezi wa pili. Mtoto aliye tumboni hana kazi nyingine, daktari. Kazi yake ni kugawanyika. Lindo linamfikia kupitia kitovu."

"Najua linakopita."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia mmoja, kesho mji mzima unajua. Jumatatu hawatafika ishirini. Na mwakani utakuwa unahesabu makaburi, huhesabu seli." Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. "Ni mtoto mmoja. Sisi ni watu elfu nne. Sikuombi ufurahi. Nakuomba unyamaze."

Nilinyamaza siku tatu. Nataka niandike ukweli: zilikuwa siku tatu nzima, na katika siku hizo nilikula, nilioga, nilisali. Kila nilipojaribu kumwona daktari kuwa mtu mbaya nilishindwa. Nilizihesabu seli za damu yake siku ya pili, aliponipa kidole mwenyewe. Zilikuwa zimeanza kupungua.

*

Alhamisi mchana nilikwenda kwa Rustika. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka jeupe kama maiti. Yeye alikuwa anamenya viazi.

"Umekuja na majibu au umekuja na pole?"

"Majibu, dada."

"Kaa basi. Chukua kisu, usikae bure."

Nikamenya. Nikamweleza nikiangalia viazi. Nilimwambia mwili umefumwa kwa seli, na ili mwili ukue au ujitengeneze, seli moja lazima iwe mbili. Kwanza hukua. Kisha hunakili maagizo yake yote, herufi kwa herufi, yawe seti mbili. Kisha hukagua nakala. Ikiridhika, hukata.

"Nguo mbili kwa paterni moja," alisema.

"Hasa."

"Na zangu?"

"Zimepima, zimenakili, zinakagua. Zinakagua mpaka leo. Hakuna anayeshika mkasi."

Akacheka puani. "Nilifanya kazi na fundi wa hivyo Songea. Alipima suti ya bwana harusi mpaka jamaa akaoa na shati tu." Kisha kicheko kikamtoka usoni taratibu, nikaona amefika mwenyewe mahali nilipokuwa naogopa kumpeleka. Akaweka kisu chini. "Na huyu?"

"Na yeye pia."

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Ni tone," nikasema. "Ukiacha kumeza, lango litafunguka. Mtoto atakua. Lakini dada, mama yako alikufa na nini?"

"Uvimbe wa ziwa. Na mama wadogo wote wawili."

"Kama kile kilichowaua kimo ndani yako, nacho kinasubiri kwenye lango hilohilo. Mtoto akitoka, kitatoka naye. Sijui kama kimo. Hakuna kipimo kinachoweza kuniambia, maana seli ikiwa imesimama siwezi kujua itakatika vipi. Ungeniuliza ningefanya nini mahali pako, nisingekuwa na jibu."

"Sijakuuliza." Alisema kwa upole. "Daktari kwa nini hakuja?"

"Amenikataza kuja."

"Na umekuja."

"Nimekuja siku tatu nimechelewa."

Rustika alichukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi, asikimenye. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta. Kisha akageuza uso kuelekea ukumbini.

"Mama! Najua umesimama nyuma ya pazia, miguu yako inaonekana. Njoo unifundishe kutema."

Pazia likasogea. Mama Kresensia aliingia polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alitafuta maneno.

"Mwanangu, yale ya Jumapili..."

"Tema kwanza tuone, mama. Ya Jumapili tutayasema Jumapili."

Mama mkwe akaketi sakafuni karibu naye, akafungua mdomo, akainua ulimi kumwonyesha. "Hapa. Chini kabisa. Usimwitikie mtu salamu hadi kwenye kona. Na kitenge kiwe cheusi, kisionyeshe doa."

*

Nilidhani tutakuwa watu watatu tu wenye siri hiyo. Jumatatu ya kwanza nilimpa Rustika kijiko, akanitazama, akaondoka amefunga midomo. Jumatatu ya pili waliondoka wanawake sita wa namna hiyo. Ya tatu sikuweza kuwahesabu. Hakuna aliyetangaza, na hakuna aliyekataa tone. Walikuja wote, wakafungua midomo, wakaniambia asante kwa macho. Ila kicheko kilikuwa kimekwisha kwenye foleni, na kila mtu, hata asiyefiwa, alikuwa ameshika kitenge cheusi.

Wiki ya tano nyuki walikuja kwenye kona ya kanisa. Walitanda ukutani na ardhini, kwenye udongo ulionata asali, wakavuma hata wakati wa misa. Daktari Gebhard alitoka siku moja kwenda kununua gazeti, akasimama mbele ya wale nyuki mpaka gazeti likasahaulika. Aliporudi aliweka kijiko cha tone katika kabati lake, akakitoa tena, akakirudisha mezani pangu. Tangu hapo, kila asubuhi, nilikuta taa ya meza yake ya kazi bado inawaka, na makaratasi ya amri mpya yamefutwa na kuandikwa upya.

Wiki ya saba Rustika na Mama Kresensia walikuja maabara. Niliwasikia kabla sijawaona.

"Zinashika! Winfrida, njoo uzione, zinashika vidole!" Mama Kresensia alikuwa ameingiza vidole viwili kwenye nywele fupi nyeusi za mkwe wake na hakutaka kuvitoa. "Leo tunafunua cherehani. Nimeshachinja kuku."

"Mama, utazing'oa kabla ya kuku kuiva."

Tumbo la Rustika lilitangulia mlangoni. Niliweka kiganja pale aliponionyesha, na kitu kikanipiga teke. Nilicheka kama mtoto. Wakati huo niliamini tena kila kitu nilichokuwa nakiamini nilipotoka chuoni.

Nikang'oa unywele mmoja. Kioo, rangi, hadubini. Nyuma yangu walikuwa wanabishana nani ashone nguo ya kwanza ya mtoto. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua ameingia lini.

Zilikuwa zinagawanyika. Zilikuwepo zilizojipanga mstari, zilizoachana, zilizobana viuno, nzuri kiasi kwamba nilitaka kuwaita wote waje waone. Kumi na moja. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Nilikuwa nimefika seli ya mia tisa na kumi na mbili.

Kromosomu zake hazikuvutwa pande mbili. Zilivutwa pande tatu.

Niliondoa jicho, nikafuta lenzi, nikarudi. Pande tatu. Nyuzi nyingine zilibaki katikati, hazijui ziende wapi. Nikamalizia elfu, sikukuta nyingine, nikairudia hiyo. Mashine ikalia, na mahali pa neno la kijani pakabaki peupe, pakisubiri sahihi yangu. Ningeweza kuandika safi, maana moja kati ya elfu fomu yetu bado inairuhusu. Maneno ya wale wawili nyuma yangu yalikuwa ya furaha, na kuku alikuwa ameshachinjwa.

"Dada Rustika," nikasema. "Njoo uangalie mwenyewe."

Mabishano yakakatika. Alikuja, akashika ukingo wa meza, akainama kwa shida juu ya tumbo lake, akafumba jicho moja. Nilimwelekeza: zile pale ziko sawa, na zile, na zile. Sasa hii. Aliitazama kwa muda ambao fundi hutazama kitambaa kilichoharibika mikononi mwa mtu mwingine.

"Huyu kakata vipande vitatu."

"Ndiyo."

"Wapo wangapi?"

"Huyo mmoja, katika elfu. Mwili mara nyingi humuua wa namna hiyo wenyewe. Mara nyingine humwacha."

Mama Kresensia alikuwa na mkono bado hewani, vidole viwili vimebana kitu kisichokuwepo. Daktari Gebhard akavuka chumba. Nilidhani atasema lile alilokuwa na haki ya kulisema, kwamba alinionya. Badala yake alivuta kiti, akakaa kwenye hadubini ya pili, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe kioo kingine," alisema. "Tuwe wawili."

Nje foleni ilikuwa imeanza kujipanga, ingawa haikuwa Jumatatu. Hawakuja kwa tone, walikuja kuhesabiwa. Walikuwa wamefunua vichwa, na kila mmoja ameshika unywele wake mmoja kati ya vidole viwili.

Rustika aliwatazama kupitia dirisha. Kisha akarudi kwenye kiti, akakaa, akaniinamishia kichwa chake.

"Ng'oa mwingine," akasema. "Hesabu elfu nyingine."